Mwisho wa kuambukiza (UVIKO-19)

Mwisho wa kuambukiza ni wakati ambapo mgonjwa wa UVIKO-19 hawezi tena kuwaambukiza watu wengine virusi vya korona (SARS-CoV-2). Wakati huo haulingani na siku ambayo kipimo kinaacha kuonyesha virusi: kwa kawaida mgonjwa huacha kuambukiza mapema zaidi. Mwaka 2020 madaktari walijadili sana tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo iliyoamua mgonjwa atengwe siku ngapi na lini arudi nyumbani au kazini.

Vipimo

Kipimo kinachotegemewa zaidi katika maabara ni PCR, mbinu iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983. Sampuli huchukuliwa puani au kooni kwa kijiti chenye pamba. Mashine hurudufu vipande vya chembe za urithi za virusi kwa mizunguko, mara nyingi hadi 40 hivi, na katika kila mzunguko idadi yake huongezeka karibu mara mbili. Sampuli yenye virusi vingi hugunduliwa baada ya mizunguko michache. Yenye virusi vichache hugunduliwa mwishoni.

PCR haitofautishi virusi hai na mabaki ya virusi vilivyokufa. Kwa hiyo mtu aliyepona anaweza kuonekana ana virusi kwa wiki kadhaa. Ili kujua kama virusi ni hai, wataalamu hujaribu kuviotesha katika seli ndani ya maabara yenye ulinzi mkubwa, kazi isiyowezekana kufanywa kwa kila mgonjwa.

Kipimo cha haraka cha antijeni hutoa majibu kwa muda wa dakika 15 hadi 30. Kwa kuwa kinahitaji virusi vingi, majibu yake hukaribiana zaidi na siku za kuambukiza, lakini kinaweza kukosa maambukizi yaliyoanza karibuni.

Muda wa kuambukiza

Mgonjwa anaweza kuanza kuambukiza siku 1 hadi 3 kabla ya dalili, na hatari huwa kubwa zaidi karibu na siku dalili zinapoanza. Utafiti wa wagonjwa 9 wa München, Ujerumani, uliotolewa mwaka 2020, haukupata virusi hai baada ya siku ya 8 ya dalili, ingawa PCR iliendelea kuvionyesha. Huko Korea Kusini watu 285 waliokuwa wamepona walipimwa tena na kukutwa na virusi, lakini uchunguzi haukuonyesha kwamba waliwaambukiza wengine.

Mwanzoni Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaka mgonjwa apatikane bila virusi katika vipimo viwili vilivyopishana saa 24. Tarehe 27 Mei 2020 lilibadilisha mwongozo huo: siku 10 tangu dalili zianze, pamoja na angalau siku 3 bila dalili, kwa asiye na dalili, siku 10 tangu apimwe. Wagonjwa mahututi na wenye kinga dhaifu wanaweza kuambukiza kwa muda mrefu zaidi.

Hali nchini Tanzania

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Vipimo vilifanyika katika Maabara Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Tarehe 29 Aprili serikali ilitangaza wagonjwa 480, wakiwemo 167 waliopona na 16 waliofariki. Miongoni mwa vituo vya matibabu vilikuwa hospitali za Amana na Mloganzila jijini Dar es Salaam, na Lulanzi mjini Kibaha, mkoa wa Pwani.

Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli alisema kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilileta majibu ya kuwa na virusi. Mkurugenzi wa maabara alisimamishwa kazi na kamati ya uchunguzi ikaundwa. John Nkengasong, aliyeongoza Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, alipinga madai kwamba vipimo vilikuwa na kasoro. Utoaji wa takwimu ulisimama.

Shaka hiyo iliwagusa madereva wa malori. Barabara ya Morogoro, inayopita Maili Moja mjini Kibaha, hubeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo. Mwezi huohuo Zambia ilifunga kwa siku kadhaa mpaka wa Nakonde, mkabala na Tunduma. Huko Namanga, baadhi ya madereva waliokutwa na virusi nchini Kenya walipimwa tena Arusha na kuambiwa hawana. Majibu ya namna hiyo yanaweza kutofautiana bila udanganyifu wowote: siku ya kupima, jinsi sampuli ilivyochukuliwa na uchache wa virusi mwishoni mwa ugonjwa vyote huchangia.

Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, ambayo ilipendekeza takwimu zitolewe tena. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai mwaka huo.

Umuhimu

Kumtenga aliyeacha kuambukiza humnyima kipato na hujaza vitanda bure. Kumruhusu mapema huwahatarisha jamaa zake. Ndiyo maana madaktari husoma majibu ya kipimo pamoja na tarehe ya dalili na hali ya mgonjwa.