Mtoto Apewe Kikombe, Moto Tubaki Nao Wakubwa

Siku ya kuoka, mtoto wa miaka minne akisogelea meza huambiwa akacheze nje. Anayemfukuza ana sababu zake: unga ni ghali, mkaa unaunguza, na mikono midogo huchelewesha kazi. Hata hivyo, kinachofanyika pale mezani ni somo la hisabati na sayansi ambalo darasa la chekechea hulitafuta kwa shida. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wengi walio chini ya miaka saba hivi, wakiona maji yakimiminwa kutoka glasi pana kwenda nyembamba, husema yameongezeka. Margaret Donaldson wa Uskoti akamjibu katika kitabu chake cha mwaka 1978 kwamba mtoto huelewa mengi mapema zaidi kazi inapokuwa na maana kwake. Na kwa mtoto mwenye njaa, kuna kazi gani yenye maana kuliko kutengeneza mkate?

Chukua mkate wa kumimina. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui, ukatiwa sukari, iliki na hamira, kisha ukafunikwa hadi uumuke. Karibu hatua zote hizo mtoto anaziweza: kuhesabu vikombe, kukoroga, kufunika, na kubwa kuliko zote, kusubiri. Hamira ni kiumbe hai, aina ya kuvu anayekula sukari na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na hewa hiyo ndiyo inayotoboa mkate vile vitundu. Usimhubirie mtoto habari hizo. Tia hamira na sukari kwenye vikombe viwili, kimoja cha maji vuguvugu, kingine cha maji ya moto sana uliyoyamimina wewe, halafu mwache atazame kipi kitatoa povu. Maji ya moto huiua hamira, naye atakuwa ameliona hilo kwa macho yake.

Wapo watakaosema watoto wetu, hasa wa kike, wamekulia jikoni tangu enzi na enzi. Ni kweli, lakini wengi huingia humo kama watumwa wa kuagizwa: lete maji, pepea mkaa, osha sufuria. Ni nadra kuulizwa kwa nini tui lisiwe la moto, na kaka yao hata kuagizwa haagizwi. Hoja ya hatari ina uzito zaidi. Kuoka kwa moto wa juu na chini ni kazi ya mtu mzima, jiko la mkaa likae penye hewa ya kutosha kwa sababu hewa yake ya sumu isiyoonekana huua, na mtoto asirambe rojo lolote hata akililia, maana unga na mayai mabichi huweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kuhusu gharama, pika nusu ya kipimo. Mzazi anayerudi kutoka kazini usiku naye simlaumu. Hili si jambo la kila siku, wala si la mama peke yake.

Basi baba, Ijumaa hii usiku loweka mchele vikombe viwili, na umwachie mtoto avipime.