Ngao ya Ufuko wa Shelisheli

Wageni wanaozuru ufuko wa Anse Source d'Argent, katika kisiwa cha La Digue nchini Shelisheli, hustaajabia majabali ya kijivu yaliyosimama kando ya mchanga mweupe. Majabali hayo ni graniti, na umri wake ni miaka ipatayo milioni 750. Visiwa vingi vya bahari kuu vimetokana na volkeno au matumbawe. Lakini La Digue ni kipande cha bara la kale, kilichosalia baharini Bara Hindi lilipojitenga na kusogea kaskazini.

Hata hivyo, uimara wa jabali si uimara wa ufuko. Mchanga hulindwa na tuta la matumbawe, ambalo hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Shelisheli yakapauka na kufa. Tuta lililokufa humomonyoka. Kina cha maji juu yake huongezeka, na mawimbi hupita yakiwa na nguvu zaidi. Hivyo majabali yaweza kubaki, na mchanga ukachukuliwa.