Hadithi za Simuni Zaweza Kumfunza Askari Kiingereza

Katika sheria ya Uganda, wizi ni kosa moja na unyang'anyi ni kosa jingine. Mwizi huchukua mali ya mtu. Mnyang'anyi huichukua kwa kutumia nguvu au vitisho. La kwanza kwa Kiingereza huitwa "theft", la pili "robbery". Na kwa kuwa lugha ya mahakama ni Kiingereza, mpelelezi akikosea neno hilo katika maelezo ya shahidi, huenda akamtwika mtu kosa asilolitenda; na unyang'anyi wa kutumia silaha, adhabu yake yaweza kufika kifo. Basi msamiati kwa askari si pambo la usemi, bali ni sehemu ya haki.

Wako wajaribuo kuyapata maneno kwa kukariri orodha. Orodha husahaulika upesi, kwa sababu neno lililo peke yake halina jamaa wa kulishika mkono. Njia iliyo bora ni kusoma hadithi, na siku hizi hadithi zimo ndani ya simu ya mkononi.

Mwaka 1978 wataalamu Saragi, Nation na Meister walitoa habari za jaribio lao. Waliwapa watu, ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, riwaya ya Anthony Burgess iitwayo A Clockwork Orange, iliyotolewa mwaka 1962. Mwandishi aliijaza maneno mageni, mengi yakiwa na asili ya Kirusi. Walipokwisha kusoma walipimwa kwa maneno 90 miongoni mwa hayo, na kwa wastani waliyajua 76 katika kila 100. Hakuna aliyewafundisha ila hadithi yenyewe. Huko Fiji nako, miaka ya 1980 na 1981, watoto wa shule za mashambani, ambao Kiingereza si lugha yao, walipewa vitabu vingi vya hadithi, nao wakawapita wenzao waliofundishwa kwa desturi ya zamani.

Ndugu askari, vitabu hivyo havihitaji fedha nyingi. Hazina iitwayo Project Gutenberg, iliyoanzishwa Marekani na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hutolewa bure. Humo zimo hadithi za Arthur Conan Doyle za mpelelezi Sherlock Holmes, aliyeonekana kwanza mwaka 1887. Polisi atakutana humo na shahidi, mtuhumiwa, alama ya nyayo na ushahidi, tena na tena, hata maneno hayo yamkae kichwani. Kitabu kikiisha kuingizwa simuni, husomwa hata mahali pasipo na mtandao.

Hata hivyo, Kiingereza cha Doyle ni cha kale na kina uzito. Anayeanza na atafute kwanza hadithi zilizoandikwa kwa maneno machache kwa ajili ya wanafunzi. Kipimo chake ni chepesi: katika ukurasa wa maneno 250, yasiyojulikana yasizidi matano hivi. Yakizidi, kitabu hicho kiwekwe mpaka wakati wake. Neno geni likitokea, likisie kwanza kwa maana ya sentensi, kisha ndipo uliguse ili kamusi ya simuni ikuthibitishie. Anayekimbilia kamusi kila mstari hupoteza hadithi, na akipoteza hadithi hupoteza hamu.

Wala jambo hili lisiharibu nidhamu. Lindoni macho ni ya lindo, si ya simu. Lakini baada ya zamu, nusu saa kambini yatosha, mradi iwe ya kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Na siku jarada litakapofika mbele ya hakimu, neno lililoandikwa humo na liwe ndilo lililotendeka.