Mume wa Marimar ni Nani?

Hapa Isangi, mahali mto Lomami unapoingia katika mto mkubwa wa Kongo, giza huingia upesi, na mwenye taa ndiye mwenye wageni. Siku za babu zetu wageni walikuja kusikiliza hadithi. Leo waja kutazama. Mtu akiwa na jenereta ndogo, au paneli ya jua juu ya paa, na televisheni hata iwe ndogo kama sanduku la sabuni, basi uani kwake hapakosi watoto, wasichana, akina mama wenye vitoto mgongoni, na nyuma kabisa wanaume wanaojifanya wamepita njia tu.

Kati ya hao yumo mama mmoja tunayemfahamu vema. Jina lake twaliacha, kwa sababu ndivyo alivyotuomba. Yeye huuza kwanga karibu na gati. Mume wake hufanya kazi katika mashua za shehena zipandazo Kisangani na kushuka mpaka Kinshasa, na safari moja yaweza kula miezi miwili au mitatu. Mama huyo ana watoto wanne, ana heshima, hana ugomvi na jirani. Lakini mguse Marimar, utakutana na simba.

Kwa wasiojua, Marimar ni mchezo wa televisheni uliotengenezwa Meksiko na kampuni ya Televisa mwaka 1994. Huonyeshwa kipande kwa kipande, siku kwa siku, na kila kipande hukatika pale moyo unapokuwa mdomoni. Wenyewe waita telenovela, na sisi kwa kufupisha twasema novela. Marimar ni msichana maskini wa pwani, hana viatu, hajui kusoma, alelewa na babu na bibi yake katika kibanda. Kijana tajiri jina lake Sergio Santibáñez, mchezaji wa mpira, amwoa. Lakini hamwoi kwa mapenzi. Amwoa ili kuwaudhi baba yake na mama yake wa kambo, yule Angélica mwenye kiburi. Mapenzi yaja baadaye, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa maana mtu aliyeanza kwa hila anashikwa na mtego wake mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo kila mtazamaji wa uani hulisimulia kana kwamba lilitendeka jana kwenye soko letu. Angélica atupa bangili matopeni, amwambia Marimar aiokote kwa meno. Tumeona mama wakilia hapo, na mwaka wa pili wakirudia kulia hapo hapo. Baadaye kibanda chachomwa moto, wale wazee wawili wafa, naye Marimar aenda mji mkuu, agundua kwamba yeye ni binti wa tajiri, arudi kwa jina jingine, Bella Aldama, ili alipize kisasi. Zamu ikafika ya Angélica mwenyewe kuokota hati za mali kwa meno matopeni. Hatutaficha: uani hapo watu hupiga makofi, hata watu wa kanisani, na sisi tumepiga siku moja kabla ya kukumbuka kazi yetu.

Mama wetu aliuona mchezo huo mara ya kwanza akiwa msichana Kisangani, nyumbani kwa mama yake mdogo, baada ya vita vya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya mji ambao haukuwa wa hao wala wa hawa. Nyumba ile ilikuwa na matundu ya risasi ukutani. Jioni walikaa ndani, mlango umefungwa, wakitazama diski zilizonakiliwa hata sura za watu zikawa na michirizi. “Mwalimu,” alituambia, “siku zile hakuna aliyekuwa anamrudia mwenziwe. Aliyetoka asubuhi hukujua kama atarudi. Sergio alikuwa anarudi.”

Neno hilo tumelifikiri sana. Tulikuwa tumezoea kusema kwamba novela ni upuzi wa matajiri, na mengine humo ni upuzi kweli. Lakini mtu hapendi kitu miaka zaidi ya 20 pasipo sababu.

Wala si yeye peke yake. Huko Abidjan, Januari 1999, katika mwezi wa Ramadhani, ilisimuliwa kwamba misikiti mingine iliwahisha sala ili waumini wasikose mwisho wa Marimar. Nchini Filipino, taifa la Wakatoliki wengi, mchezo huo ulipendwa kiasi kwamba mwaka 1996 mwigizaji mwenyewe, Thalía, alipofika Manila, alipokelewa na makundi makubwa ya watu. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na mchezo wao wa redio, Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, aliyeishia kuugua UKIMWI, na mkewe Tunu aliyevumilia mpaka akachoka, akaanza biashara yake mwenyewe. Mchezo huo ulitungwa makusudi ili ufundishe. Marimar haikutungwa ili ifundishe mtu kitu. Hata hivyo, watu huchukua somo popote walipolipata.

Basi, siku moja mwanafunzi wetu mmoja alirudi kutoka Kisangani na simu yenye picha. Akaja uani, akamwonyesha mama picha ya Eduardo Capetillo, yule aliyemwigiza Sergio, sasa mtu mzima, amekaa na mke na watoto watano. Mke si Marimar.

Jumapili ile, baada ya Misa, mama alitungoja chini ya mwembe, uso umekunjamana.

“Mwalimu, yule mwanamke amemwibia Marimar mume.”

Tukacheka kidogo, na tukajuta mara moja, kwa sababu yeye hakucheka. Tukaahidi kutafuta habari sahihi, nazo ndizo hizi. Eduardo Capetillo alifunga ndoa mwezi Juni 1994 na mwimbaji na mwigizaji jina lake Bibi Gaytán. Msomaji asidhani “Bibi” hapo ni neno la heshima. Ndivyo anavyoitwa huko kwao. Harusi yao ilionyeshwa katika televisheni. Na Juni 1994 mchezo wa Marimar ulikuwa bado haujafika mwisho! Basi watu wa Meksiko walimwona mtu yuleyule mwaka uleule akihangaika kwa ajili ya Marimar katika mchezo, na akimpa mwingine pete kwa kweli. Nao hawakuona ajabu.

Thalía naye? Mwaka 1992 aliigiza María Mercedes, na mwanamume wake humo alikuwa Arturo Peniche. Mwaka 1994 Capetillo. Mwaka 1995 akaanza María la del Barrio, na safari hii mwenziwe akawa Fernando Colunga. Michezo mitatu, maskini yuleyule anayetajirika, sura ileile, wanaume watatu. Hadithi zote tatu zatokana na kazi za mwandishi mmoja wa Kuba, Inés Rodena, aliyeanza kwa kuandika michezo ya redio. Kisha Desemba 2000 Thalía mwenyewe akaolewa na Tommy Mottola, mtu wa biashara ya muziki, katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrisi mjini New York.

Tulimweleza mama hayo yote taratibu. Tukamwambia tena kwamba hata sauti ya Sergio anayoipenda si ya Capetillo. Mchezo ulisemwa kwa Kihispania. Mfaransa mmoja asiyeonekana akaweka sauti yake juu. Na huku uani kijana wa sekondari huwageuzia wazee maneno kwa Kilingala au Kilokele, akiongeza chumvi yake. Kwa hiyo yale maneno mazuri ya Sergio yamepita vinywa vitatu kabla ya kufika sikioni mwa mama. Tukamkumbusha na yule seremala aliyeigiza Yuda Ijumaa Kuu, jinsi watoto walivyomwita Yuda mpaka Pentekoste, naye ni mtu mwaminifu asiyekula hata msumari wa mtu.

“Hayo nayajua,” akasema. “Mimi si mtoto. Lakini Mwalimu, kila jioni bwana wangu akiwa mtoni, nikisali rozari, fumbo moja ni la bwana wangu, na moja nilikuwa nawaombea wale wawili wakae pamoja. Miaka yote hii. Basi kama hawakuwa mume na mke, sala yangu ilikwenda wapi?”

Wapenzi wasomaji, seminarini tulifundishwa majibu mengi. Hilo hatukulipata. Tulitaka kusema kwamba haifai kuwaombea watu wa mchezo, kisha tukaona kwamba neno hilo lingekuwa gumu kuliko kosa lenyewe. Tukamwuliza jambo jingine: “Mama, ulipoona picha ile, uliomba nini?”

Akanyamaza. Akatazama mto. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba jioni ile alimwomba Mungu amrudishe yule mwanamume kwa Marimar.

“Na yule Bibi Gaytán? Na watoto watano?”

Hakujibu. Alichukua beseni lake la kwanga akaenda zake. Sisi tukabaki pale tukijilaumu, kwa kuwa tulimwuliza kwa ukali kuliko tulivyokusudia. Lakini swali lenyewe twaona lilikuwa la haki. Mwanamke ambaye mume wake yuko mbali, ambaye ajua vizuri hofu ya kunyang’anywa, alikuwa amewaombea watu wawili wa mchezo kwa gharama ya nyumba ya mwanamke halisi. Wala hakufanya hivyo kwa ubaya. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi yakiisha kupita mpaka hayasikii hodi.

Hapa tuseme neno kwa wanafunzi pia, hasa wasichana wa sekondari waliotoa faranga za daftari ili waingie kutazama. Hatuwakatazi mchezo. Twawaomba tu wasichukue kipimo cha mchumba kutoka humo. Yule Sergio, kabla ya kuwa mtu mwema, alioa kwa hila, akamwacha mke wake ateswe na ndugu zake. Alihitaji vipande vingi ili ageuke. Maisha hayana vipande vingi namna hiyo.

Wiki mbili zikapita. Mama hakuonekana uani. Siku hizi hakuna upungufu wa michezo, kwa kuwa zipo chaneli nzima za Kifaransa zionyeshazo novela usiku na mchana kwa wenye dekoda. Jioni moja vijana waliweka mchezo mpya kidogo, wa mwaka 2013, Corazón indomable. Kumbe ni hadithi ileile ya Marimar imefanywa upya: msichana sasa aitwa Maricruz, ameigizwa na Ana Brenda Contreras, na kijana ni Daniel Arenas. Wasichana wakaufurahia. Mtu akaenda kumwita mama. Akaja, akasimama mlangoni, akatazama dakika chache, akasema, “Huyu simjui,” akarudi kwake.

Juma lililofuata mashua ilifika kutoka Kinshasa, na mume wake ndani yake, amekonda, mikono imechubuliwa na kamba. Siku ya tatu tuliwaona wote wawili uani. Mama alikuwa ameleta kadi yake mwenyewe, yenye Marimar ya zamani. Tulimsalimu, naye akatwambia, kabla hatujauliza, kwamba fumbo lile sasa amempa Bibi Gaytán, “kwa sababu watoto watano si mchezo.” Sala kwa ajili ya wale wawili ameiacha, kuwatazama hajaacha.

Mume wake aliketi juu ya kigoda, akatazama muda mrefu pasipo kusema kitu. Kisha akaelekeza kidole.

“Huyu ndiye Sergio wako?”

“Ndiye.”

“Mbona viatu vyake safi hivyo? Kazi yake nini?”

“Acheza mpira.”

“Lini? Tangu tulipoketi hajacheza hata mara moja.”

“Nyamaza, Baba Maria,” mama akasema, akamsogezea kigoda karibu. “Bangili yaja.”