Je, Wajua? Mlima Ndio Unaokupangia Likizo

Masika yakikatika mwishoni mwa Mei, kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya huingia msimu mzuri wa kupanda milima, kuanzia Juni hadi Oktoba. Milima mingi ya huko imezaliwa na volkano, na namna ilivyozaliwa ndiyo inayoamua uondoke saa ngapi, ubebe nini na ukae siku ngapi. Kabla ya kulipia safari, yajue haya.

Je, wajua kwamba weupe wa kilele cha Ol Doinyo Lengai si theluji? Mlima huu ulio karibu na Ziwa Natron, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, ndio volkano hai pekee duniani inayotema lava ya aina ya magadi. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya volkano nyingi. Hutoka nyeusi kama oili chafu, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mteremko ni mkali na hauna kivuli, ndiyo maana wapandaji huanza safari usiku wa manane, jua liwakute juu. Beba tochi na maji ya kutosha, na uwaulize waongozaji wenyeji hali ya mlima, kwa sababu bado unatema.

Je, wajua kwamba kwenye kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, kila pumzi hukupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani? Mwili huzoea, ila huhitaji siku. Njia ya Marangu hutembewa kwa siku 5. Ukiongeza ya 6, ukalala usiku wa pili kambi ya Horombo, mita 3,720, unaupa mwili nafasi ya kuzoea. Kwenye bajeti punguza kingine chochote, siku usipunguze. Na kichwa kikizidi kuuma, ukaanza kutapika, dawa ni kushuka.

Je, wajua kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6? Ukiiacha Moshi kwenye nyuzi 25, kambi ya Kibo Hut, mita 4,720, huenda iko karibu na sifuri mchana uleule. Basi begi moja libebe fulana ya kupitia migombani, koti la mvua la msituni, na sweta nzito, glavu na kofia ya kileleni. Lakini lisizidi mno: kanuni za Kilimanjaro humwekea mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, kikomo cha kilo 20 za mizigo ya wageni.

Je, wajua kwamba vilima vya Chyulu nchini Kenya havina mto wa kudumu, lakini vinainywesha Mombasa? Mawe yake ya volkano yana matundu mengi, hivyo mvua huzama na kusafiri chini ya ardhi hadi chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Hapo maji hububujika safi kabisa, na bomba hupeleka sehemu yake Mombasa. Kwa hiyo ukijani wa mlima usikudanganye ukadhani maji yapo. Hata Kibo Hut, maji hubebwa kutoka chini.

Je, wajua kwamba Mlima Meru hauna ubavu wa mashariki? Ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita, na leo wapandaji hupita juu ya ukingo uliobaki. Huku chini kuna nyati, kwa hiyo kila kundi husindikizwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Wengi huupanda kwanza Meru ili kuuandaa mwili kwa Kilimanjaro.

Je, wajua kwamba huko Engare Sero, chini ya Lengai, kuna nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale? Ziliachwa kwenye tope la majivu ya volkano, likakauka na kuwa jiwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulizitambua nyayo za watu 17 waliokuwa pamoja, wengi wao wanawake wazima. Hatua zao zilipopimwa, ilionekana walikuwa wakienda upande mmoja kwa mwendo wa kutembea, si wa kukimbia. Ndio mwendo ambao mwongozaji wako atakukumbusha njia nzima: pole pole.