Una Maneno Mangapi ya Kiingereza? Jipime Mwenyewe Nyumbani

Askari hujua idadi ya risasi alizokabidhiwa, na mama wa nyumbani hujua unga uliobaki katika debe utafika siku gani. Lakini ukimwuliza mmoja wao ana maneno mangapi ya Kiingereza kichwani, atacheka, au atajibu, "Ninayo ya kunitosha." Je, ya kutosha ni mangapi? Na yatosha kwa kazi ipi? Juma hili yafaa tuyatazame maswali hayo, kwani kipimo chake si siri ya wataalamu peke yao. Mtu yeyote mwenye kamusi, kalamu na jioni tatu za utulivu aweza kujipima.

Hapa Uganda jambo hili si la mapambo. Kiswahili kilitumika jeshini tangu siku za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na mwaka 2005 katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo jalada la kesi, fomu ya benki, karatasi ya mtihani wa mtoto, na maagizo yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa, kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Konstebo akiandika "robbed" mahali palipotakiwa "stole", amegeuza wizi kuwa unyang'anyi, yaani wizi wa kutumia nguvu au vitisho, na adhabu za makosa hayo mawili hazilingani. Mzazi asiyeelewa maana ya "twice daily" aweza kumpa mtoto dawa mara moja badala ya mara mbili. Kwa hiyo kujua mpaka wa maneno yetu ni sehemu ya kazi, na ni sehemu ya usalama wa nyumba.

NENO MOJA NI LIPI?

Kabla ya kuhesabu hapana budi kukubaliana juu ya kile kinachohesabiwa. Katika Kiswahili tuna soma, somo, msomaji, masomo, somesha na kisomo. Je, hayo ni maneno sita au ni moja? Mtu aliyelijua shina hawezi kupotea katika matawi yake. Vivyo hivyo katika Kiingereza "walk", "walks", "walked" na "walking" ni watoto wa mama mmoja. Wataalamu wengi huwahesabu wote kuwa ukoo mmoja wa maneno.

Tofauti hii si ndogo. Mwaka 2016 Marc Brysbaert na wenzake wa chuo kikuu cha Ghent, nchini Ubelgiji, walitoa makisio juu ya Wamarekani wenye umri wa miaka 20 ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Walipohesabu maneno yaliyounganishwa kwa umbo tu, walipata kama 42,000. Walipohesabu koo za maneno, watu wale wale walikuwa na kama 11,000. Basi mtu akijigamba mbele yako kwamba ana maneno 40,000, usishtuke wala usimwonee wivu. Mwulize kwanza anahesabuje.

KOSA LA KIDOLE

Watu wengi hujipima kwa kufungua kamusi popote, kuweka kidole, na kutazama kama wanalijua neno lililoangukiwa. Njia hii hudanganya, nayo imewahi kuwapotosha hata wasomi. Katika kamusi neno kama "take" au "run" hujaza nafasi kubwa kwa sababu lina maana nyingi, lakini neno la nadra hupewa mistari miwili tu. Kwa hiyo kidole huangukia mara nyingi yale marefu, nayo ndiyo yale ya kila siku ambayo karibu kila mtu anayajua. Mwenye kujipima huondoka akiwa amevimba kichwa.

Mwaka 1940 Robert Seashore na Lois Eckerson wa Marekani walitumia kamusi kubwa kuwapima wanafunzi wa vyuo, wakapata wastani uliozidi maneno 150,000 kwa mwanafunzi mmoja. Baadaye ilionekana kwamba namna ya kuyateua maneno ilikuwa na kasoro. Mwaka 1990 Robin Goulden, Paul Nation na John Read wa New Zealand walifanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi, wakakisia kwamba msemaji wa kuzaliwa aliyesoma vizuri ana maneno ya msingi kama 17,000. Kamusi kuu ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, ina mabuku 20. Hakuna Mwingereza ayajuaye yote yaliyomo, wala wewe usijitwike mzigo ambao hata mwenye lugha haubebi.

NAMNA YA KUJIPIMA

Twaa kamusi ya Kiingereza, au ya Kiingereza na Kiswahili kama ile ya TUKI ya Dar es Salaam iliyotolewa mwaka 1996. Tuseme ina kurasa 600. Mwambie mtoto ataje namba yoyote kati ya 1 na 40. Akitaja 17, anza ukurasa wa 17, kisha nenda wa 57, wa 97, na kuendelea hivyo kwa kuruka kurasa 40 kila mara. Utapata kurasa 15. Usichague ukurasa uupendao, wala usiukimbie ule uliojaa maneno magumu.

Katika kila ukurasa hesabu maneno yote makuu yanayoanzia hapo, bila kuruka hata moja. Kufanya hivyo ndiko kunakoondoa kosa la kidole, kwani neno refu na neno fupi yote huhesabiwa mara moja tu. Fanya kurasa tano kila jioni, maana aliyechoka huona kila neno kuwa analijua.

Mbele ya kila neno andika alama. Andika 0 kama hujapata kuliona. Andika 1 kama umelisikia lakini maana yake huipati. Andika 2 kama unaelewa ukilisoma au kulisikia. Andika 3 kama waweza kulitumia mwenyewe bila kusitasita. Maneno ya alama ya 2 na ya 3 ndiyo utakayoyahesabu. Na ili usijipendelee, ziba maelezo ya kamusi kwa kipande cha karatasi, utamke maana yake kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kisha ufunue. Maana ikikataa kutoka mdomoni, neno hilo bado si mali yako.

Tuseme katika kurasa zile 15 umepata maneno 186. Zidisha kwa 40, kwa kuwa kila ukurasa umesimama badala ya kurasa 40. Jibu ni 7,440. Hicho ni kisio. Ukirudia kwa kurasa nyingine waweza kupata pungufu kidogo au zaidi kidogo. Kumbuka pia kwamba kamusi ndogo haiwezi kukuhesabia maneno yasiyomo ndani yake.

Kisha zidisha kwa 40 yale ya alama ya 3 peke yake. Hesabu hii ya pili kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya kwanza, nawe usivunjike moyo. Hata katika Kiswahili tunaelewa maneno mengi ya mashairi na ya hotuba ambayo hatuyatumii tunapoomba chumvi mezani.

MTEGO WA MANENO YA UONGO

Iko njia nyingine inayopendeza kwa jamaa nzima. Mwaka 1987 Paul Meara na Barbara Buxton walieleza jaribio ambalo mtu hujibu "ndiyo" au "hapana" tu kwa kila neno aulizwalo. Ndani ya orodha huchanganywa maneno ya kubuni, yenye sura ya Kiingereza lakini yasiyo na maana yoyote. Anayedai kuyajua hujitega mwenyewe.

Mwombe kijana wako wa sekondari aandike maneno 80 ya kweli kutoka katika kamusi na 20 ya kubuni, ayachanganye yote. Tuseme umesema "ndiyo" kwa 60 ya kweli, yaani asilimia 75, na kwa 4 ya uongo, yaani asilimia 20. Ondoa 20 katika 75, itabaki 55. Kwa haki basi unajua asilimia 55 ya yale 80, yaani 44, wala si 60. Yale 16 yaliyoanguka ndiyo bei ya kujifanya. Jaribio hili lina faida kubwa kwa askari kuliko kwa watu wengi, kwa kuwa katika kituo au katika kambi mtu hujizoeza kuitikia "ndiyo, afande" hata pale asipoelewa. Agizo lisiloeleweka likiitikiwa hivyo, hatari yake hubebwa na kikosi kizima.

NAMBA HIYO YASEMA NINI?

Maneno hayana uzito mmoja. Machache hufanya kazi nyingi, na mengi hufanya kazi chache. Michael West, aliyefundisha Kiingereza katika Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha mashuhuri ya maneno kama 2,000 yenye manufaa kuliko mengine. Mtu akiyajua hayo, huwa anajua takriban maneno manane katika kila kumi yaliyo katika maandishi ya kawaida.

Lakini maneno manane katika kumi hayatoshi kusoma kwa raha, kwani mawili uliyoyakosa huenda ndiyo yaliyobeba habari. Paul Nation alikisia mwaka 2006 kwamba ili mtu ajue maneno 98 katika kila 100, atahitaji koo 6,000 hadi 7,000 kwa mazungumzo, na 8,000 hadi 9,000 kwa magazeti na riwaya. Basi ukiwa chini ya 2,000, achana na maneno ya fahari, ukamilishe kwanza yale ya msingi. Ukiwa kati ya 2,000 na 6,000, soma habari nyepesi kila siku na uandike maneno yanayorudi mara kwa mara. Ukizidi hapo, shughulikia maneno ya kazi yako: ya sheria, ya ufundi, ya uuguzi au ya hesabu.

Wala usidhani kwamba unaanza mikono mitupu. Sajini, koplo, benki, risiti, breki na dereva ni maneno yaliyotoka katika Kiingereza, nayo tayari umo nayo. Ila uwe macho, kwa maana mengine yamebadili tabia yalipohamia kwetu. Kwetu mtu huingia hotelini kunywa chai na kuondoka, lakini kwa Mwingereza "hotel" ni nyumba ya wageni ya kulala.

UPANA NA KINA

Jambo la mwisho ni kwamba hesabu hupima upana wa maneno, lakini haipimi kina chake. Neno "charge" laweza kuwa shtaka, bei, shambulio, au kutia betri umeme. "Sentence" ni sentensi darasani, lakini mahakamani ni hukumu. "Magazine" ni jarida mkononi mwa msomaji, na ni chombo cha risasi mkononi mwa askari. Katika hesabu yako kila moja limehesabiwa mara moja, hata kama unajua maana moja tu kati ya nne. Kwa hiyo neno la kazi yako ukilikuta katika kamusi, lisome mpaka mwisho.

Baada ya kujipima, nunua daftari dogo. Andika maneno matatu kila siku kwa siku sita, pamoja na sentensi moja kwa kila neno, na siku ya saba uyarudie yote 18. Kwa majuma 50 utakuwa umeandika maneno 900. Hata ukisahau theluthi moja, yatabaki 600 ambayo leo huna. Baba, mama na watoto wafanye pamoja, kila mmoja na daftari lake. Mkubwa wa nyumba asione haya kusahihishwa na mtoto, wala mtoto asifanye alama za mama yake kuwa kichekesho kwa jirani. Mama ambaye Kiingereza chake ni maneno 500, naye anazungumza Kiswahili na lugha mbili za nyumbani, ana akiba kubwa ambayo kamusi hii moja haikuipima.

Usiifanye namba uliyoipata kuwa nishani ya kifuani wala aibu ya kufichwa. Iandike nyuma ya daftari pamoja na tarehe, kisha ujipime tena baada ya mwaka kwa kamusi ile ile na kwa njia ile ile. Na siku utakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, huku ndani yake limo neno ambalo ungeliwekea alama ya 1, weka kalamu chini uulize maana yake kwanza.