Tetemeko la Ardhi: Soma Ukali Wake Kwenye Ukuta wa Depo



Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane mchana na dakika kidogo, ardhi ilitetemeka chini ya Ziwa Tanganyika. Namba iliyotangazwa ilikuwa moja: 6,8. Lakini Kalemie nyumba zilianguka na watu wakafa, na kule mbali Nairobi watu walishtuka tu wakatoka kwenye maghorofa. Namba ni moja, mbona madhara si sawa?

Ni kwa sababu vipimo ni viwili. Ile namba ya redio inapima ukubwa wa tetemeko kule lilikotokea. Inatoka kwa mashine, kama zile za kituo cha utafiti cha Lwiro, Kabare. Kipimo cha pili ni ukali wa mtikisiko pale ulipo wewe. Hicho kinasoma yale yaliyoonekana kwa watu, vyombo na kuta. Kinaitwa Mercalli, kwa jina la mtaalamu wa Italia, na kina ngazi 12. Hizi ndizo za kukumbuka:

- Ngazi ya 1: karibu hakuna anayesikia.
- Ya 3: wachache walio ndani wanasikia kama kamyo inapita.
- Ya 4: sahani na milango vinalia.
- Ya 5: waliolala wanaamka, vyombo vingine vinaanguka na kuvunjika.
- Ya 6: wote wanasikia, wengi wanakimbia nje, lipu inapasuka.
- Ya 7 na 8: kuta dhaifu zinabomoka, nyumba imara zinapata nyufa.
- Ya 12: kila kitu kimeharibika.

Angalia mambo mawili. Kwanza, ukuta wa tofali mbichi unaanguka mapema kuliko wa saruji na vyuma, basi sema ulikuwa ukuta gani. Pili, udongo laini wenye maji unatikisika zaidi kuliko mwamba. Ndiyo maana kando ya ziwa, Baraka, na kule mlimani Fizi-centre wanaweza kupata ngazi tofauti siku ile ile.

Tusidharau namba ndogo. Tetemeko la Bukavu la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa 5,9 tu, lakini lilitokea karibu na watu. Liliua makumi ya watu, wengi wao ng'ambo Rwanda.

Kwa hiyo, kila koperative iwe na daftari. Ardhi ikitikisika, andika siku hiyo hiyo: saa, kijiji, aina ya kuta, vilivyoanguka, nyumba ngapi zimepasuka na ngapi zimebaki nzima. Ukuta mmoja mbovu hautoshi kuwa ushahidi, hesabu nyingi. Vijiji kumi vikiandika hivyo, wataalamu wanaweza kuchora ramani inayoonyesha wapi kunatikisika zaidi.

Na depo yetu? Magunia ya mpunga na muhogo yasiegemee ukuta, wala yasizibe mlango. Ukiona ufa mpya, watu wasilale wala kufanya kazi humo mpaka fundi aukague.